Goti la Tumpe, Mguu wa Mama

Tumpe Mwakibinga alikuwa mtu wa kunywa chai amesimama. Ndugu zake walishazoea. Ukimpa kiti anakalia ukingo tu, kama mgeni aliyekuja kumuulizia mtu mwingine, na kabla kikombe hakijaisha ameshatoka nje kuangalia kama mvua imekatika. Kazi yake ilikuwa kupanda minara ya upepo kule juu Kitulo, kukaza nati na kubadilisha mapanga ya zile feni kubwa, na huko juu ndiko mahali pekee alipowahi kutulia. Halafu akaanguka. Sasa alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha mazoezi, mguu wa kushoto mikononi mwa mtu mwingine, na kwa tabia yake hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko kuanguka kwenyewe.

"Linauma?" aliuliza Zakayo Tweve, akilikunja goti taratibu.

"Haliumi."

"Nikifika hapa?"

"Haliumi, daktari. Kunja tu."

"Mimi si daktari," alisema Zakayo, kama alivyosema kila mara. Alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, mtu wa makamo mwenye viganja vipana, na mji mzima ulimwita daktari wa viungo apende asipende. Alilikunja goti zaidi. Lilikwenda vizuri mno. Goti lililopasuka na kujengwa upya halipaswi kwenda hivyo bila mwenye nalo kukunja hata uso, na huyu mwenye nalo alikuwa anaangalia dirishani.

Zakayo alishusha kidole gumba chini kidogo ya pia ya goti, penye kauvimbe kenye joto, akabonyeza. Hapo ndipo wanaume waliopigana vita waliporuka na kumtukania wazazi. Tumpe aliendelea kuangalia dirishani.

"Keti. Niruhusu nione mgongo."

"Mgongo hauna shida."

"Najua hauna shida. Nataka kuona kilichobandikwa hapo."

Tumpe aliketi, akanyanyua blauzi kwa shingo upande. Chini ya kiuno, juu ya uti wa mgongo, kilikuwepo kipande chembamba kama plasta ya kidonda, na kwenye ncha yake taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka. Zakayo aliiangalia ile taa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nilikwambia nini kuhusu saa za mazoezi?"

"Nijibebee mwenyewe."

"Na nyumbani?"

Tumpe alishusha blauzi, akarudi kuangalia dirishani.

Siku hizo hakuna aliyeshangaa mgonjwa kutuma maumivu yake. Plasta ya mgongoni iliyadaka kabla hayajapanda kwenda kichwani, ikayapeleka kwa mtu mwingine aliyekubali, naye akayasikia mahali palepale, goti kwa goti, meno kwa meno. Aliyepokea alivaa ukanda mpana kiunoni. Waliouleta walikuwa na jina lao refu la kitaalamu, lakini wanawake wa mjini walipouona mara ya kwanza walisema hii ni mbeleko, na jina likabaki hilo. Mbeleko ilipokea yote au haikupokea kabisa, na kwa mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Mwili wa aliyebeba haukudhurika. Aliumia tu.

Watu wakaipokea kwa namna yao. Zamani ndugu akiugua mlimpelekea uji, mkamfulia, mkakesha naye. Sasa mlibeba. Ukoo uliweka zamu, huyu asubuhi, yule jioni, na ukawepo utaratibu ambao hakuna aliyeuandika lakini kila mtu aliujua: mgonjwa haulizi nani amebeba, na aliyebeba hajitaji. Ukimjua aliyebeba utamwonea haya, utaanza kuzuia kikohozi kwa ajili yake, na msaada utageuka deni. Kwa hiyo mbeleko ilipitishwa mlango wa nyuma, na mgonjwa akaangalia pembeni.

"Lala," alisema Zakayo. Alivuta kioo cha picha juu ya goti, likaonekana ndani yake, mifupa na nyama na kitambaa cheupe cha gegedu, mto wa kati ya mifupa, alichooteshewa Tumpe hospitali. Ukingo mmoja ulikuwa umeinuka kama rangi ya ukuta uliopigwa unyevu.

"Unaona hapo? Linabanduka. Unakanyaga vibaya, na hakuna wa kukwambia kwamba unakanyaga vibaya. Maumivu ndiyo yangekwambia. Wewe umeyatuma yakamwambie mtu mwingine, na huyo mtu hawezi kukurekebishia mguu."

"Jaribio la mnara ni mwisho wa mwezi," alisema Tumpe. "Nisipopanda siku hiyo, nafasi yangu anapewa mwingine. Nilitaka kuwahi."

"Umewahi kweli. Ukiendelea hivi wiki chache, mnara utausikia kwenye redio. Hata ngazi za kanisani utakuwa unapanda kwa kushikwa mkono." Akapunguza sauti. "Jaribio utaomba wakusogezee, na barua nitaandika mimi. Lakini kuanzia kesho unajibebea mwenyewe, kutwa nzima. Waambie wanaokubebea wapumzike. Ukinidanganya, mimi sitajua. Goti litajua."

Je, aliizima plasta, taa igeuke nyekundu na maumivu yamrudie? Hapana, hakugusa kitu. Alimwacha aondoke na taa yake ya kijani, kwa sababu alikuwa amesema kesho, na pia kwa sababu njia ya kurudi ilikuwa na kilima.

*

Nyumbani kulikuwa kimya. Tangu atoke hospitali Tumpe alikuwa anakaa kwa mama yake, Bi Tabita, ambaye mwenyewe alikuwa nusu mgonjwa. Kiharusi kilimpitia mwaka juzi, kikamwachia mdomo na akili kama vilivyokuwa lakini kikaondoka na mguu wa kushoto. Haukuwa unauma wala kuwasha. Ulikuwepo tu, akiuburuta nyuma ya fremu yake ya kutembelea. Alikuwa akisema kwamba ameolewa na gogo. Kwa sababu ya hali hiyo ukoo ulimruka kwenye zamu za kubeba bila hata kumuuliza.

Jikoni Tumpe alikuta kikombe kimevunjika sakafuni na chai imemwagika. Fremu ya mama ilikuwa sebuleni, imeegemezwa ukutani. Alilitazama lile jambo bila kulielewa, akalipita. Kichwa chake kilikuwa kwenye jaribio la mnara.

Aliingia chumbani kwake kwa hasira. Akakaa, akasimama, akakaa tena. Hasira yake haikuwa na pa kwenda, ikalielekea goti, akalipiga kwa ngumi hapo pembeni penye kile kipande kinachobanduka. Hakusikia kitu, bila shaka. Ila upande wa pili wa ukuta mtu alivuta pumzi kwa meno, sss, kama aliyeshika sufuria ya moto.

Tumpe alisimamisha mkono hewani. Mvua ilikuwa inaanza juu ya bati, na alijiambia ni mvua. Akapiga tena, polepole.

"Sss," ikasikika ukutani. Kisha kicheko kidogo, cha chini chini. Kisha hatua.

Alitoka akiwa ameshika ukuta. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi nusu. Bi Tabita alikuwa katikati ya chumba, bila fremu, bila fimbo, kanga imekazwa juu ya ukanda mpana, mikono ameitanua kidogo kama mtoto anayevuka kijito. Aliinua mguu wa kushoto, ule wa gogo, akaushusha. Vidole vya mguu vilijikunja vikashika sakafu. Uso wake ulikuwa umelowa machozi na alikuwa anatabasamu.

Tumpe alirudi nyuma kabla hajaonekana. Alichukua simu akampigia kaka yake Anyosisye, ambaye ndiye aliyepanga zamu.

"Kaka, nani amebeba sasa hivi?"

"Tumpe, hilo swali haliulizwi."

"Mimi nauliza."

Anyosisye alikohoa. Alikuwa mwalimu mkuu, mtu wa kunyoosha mambo, na Tumpe hakuwahi kumsikia akitafuta maneno. "Leo ni zamu ya shangazi Faidesi."

"Na zamu yako?"

"Yangu... Sikiliza. Mimi zamu yangu nilimwachia mama. Aliniomba mwenyewe. Alisema ananihurumia na kazi za shule, akasema nisiwaambie wengine nisije nikaonekana nimeshindwa. Lakini ni yangu tu, Tumpe. Wengine wanabeba."

Shangazi Faidesi alipopigiwa alianza kwa kukasirika na kumaliza kwa kulia. Naye alikuwa amemwachia mama, yake tu, kwa sababu ya presha yake. Binamu wawili waliobaki walisema vivyo hivyo, kila mmoja kwa aibu yake, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake aliyeteleza na kwamba wenzake wanashikilia. Na nani angemgundua mwenzake? Mbeleko ilikaa nyumbani kwa mama, iliingia na kutoka kwa mlango wa nyuma, na adabu ilimkataza kila mtu kuchungulia. Bi Tabita alikuwa amewazunguka wote kama mtu anayekusanya vyombo baada ya harusi, mmoja mmoja, kimyakimya, na kwa zaidi ya mwezi maumivu yote ya Tumpe yalikuwa yake.

Na ndicho kipindi ambacho Tumpe alikuwa anajifungia chumbani na kufanya mazoezi mara mbili ya aliyoagizwa.

*

Alimkabili jioni hiyohiyo. Hakujua kusubiri.

"Mama, vua mbeleko."

Bi Tabita alikuwa anachambua maharage. Hakukana. Alisukuma ungo pembeni, akapangusa mikono.

"Nani amekwambia?"

"Ukuta. Mama, ulikuwa unaumia hivyo kwa sababu yangu, na mimi nilikuwa napiga goti kama napiga ngoma. Kwa nini?"

"Kaa kwanza."

"Sikai."

"Basi simama, lakini nyamaza." Mama alishika paja la kushoto kwa mikono miwili. "Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Kaka yako aliitwa shuleni ghafla, akaiacha hapa mezani. Nikasema huyu mtoto atabaki na maumivu peke yake mpaka saa ngapi, nikaivaa. Nilitegemea nisisikie kitu. Si mguu wa gogo? Mwanangu, yalinipiga nikapiga kelele. Halafu nilipomaliza kupiga kelele nikagundua nina kisigino."

Tumpe aliutazama ule mguu.

"Nina kisigino, nina unyayo, nina kidole kile kidogo ambacho nilikuwa nimeshakisahau. Yanapokuja hayo maumivu yako yanafika kwenye goti, lakini yanapita yanawasha taa za nyumba nzima. Nikiwa nayo najua mguu uko wapi. Nikijua uko wapi, nautuma na unakwenda. Ukilala yanapungua, mguu unafifia. Ukianza mazoezi yako huko ndani, mimi huku nasimama. Nilikuwa nakusubiri kama anavyosubiriwa mtu anayeleta maji."

"Na ulikuwa unaficha."

"Ningekwambia ungevua siku hiyohiyo. Wewe nakujua." Alimtazama moja kwa moja. "Usivue. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Nakuomba hiki. Wiki chache tu, mpaka mguu uzoee. Nataka kwenda msalani usiku bila kuita mtu. Nataka kuingia kanisani kwa miguu yangu, si kuingizwa kama kabati."

Hapo ndipo Tumpe angeweza kusema yale aliyoonyeshwa kwenye kioo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akamwangalia mama yake, ambaye kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi alikuwa na ule uso wake wa zamani wa kupanga mambo ya watu, akayameza.

"Sawa," alisema. "Wiki chache."

Akatoka nje, mvuani. Alizunguka nyumba mara kadhaa bila sababu, mguu mwepesi, mguu usiomwambia kitu. Alijaribu kuisikia ile gegedu inayobanduka na hakuisikia. Alimpenda mama yake na alimchukia, yote kwa pamoja, na alijichukia kwa kumchukia, na alitaka sana kuwa juu ya mnara ambako jambo pekee la kufikiria ni nati inayofuata.

*

Zakayo alilishika goti wiki iliyofuata na hakuhitaji kioo.

"Umenidanganya," alisema.

"Ndiyo."

"Umeamua kuacha minara?"

"Sijaamua kitu." Na kwa sababu alishachoka kuzunguka na siri hiyo peke yake, alimweleza yote, kuanzia kikombe kilichovunjika mpaka kidole kidogo cha mguu. Zakayo alisikiliza amesimama. Katikati ya maelezo alivuta kigoda akakaa.

Bi Tabita aliwahi kuwa mgonjwa wake. Baada ya kiharusi alimfanyisha mazoezi miezi kadhaa, na mwisho wake yeye Zakayo ndiye aliyemwambia, kwa upole, kwamba mguu ule haurudi na vizuri zaidi ni kuizoea fremu. Hakuwa amemwambia vibaya. Alimwambia kile ambacho vitabu vyote vilisema.

"Ubongo wake umepata njia ya panya," alisema hatimaye, kama anajisemea. "Barabara kuu ilifungwa, ule moto wako umekuja na nguvu ukajipenyezea pembeni." Akanyanyuka. "Mlete."

"Utamwambia?"

"Mimi? Goti ni la nani?"

Anyosisye aliwaleta wote wawili kwa gari asubuhi ya pili, akabaki nje kwa kisingizio cha kuegesha. Bi Tabita aliingia na fremu kwa ajili ya heshima tu. Zakayo alimlaza, akampima. Akiwa na mbeleko na Tumpe akitembea chumbani, kila alipochomwa kwa ncha ya sindano alisema hapa, hapa, hapo umekosea njia. Tumpe alipoambiwa asimame tuli mpaka maumivu yapoe, mama alikodoa macho darini na hakusema kitu hata alipochomwa kwenye unyayo. Lakini alipoambiwa asukume, paja lilisukuma. Zakayo alirudia mara mbili, akakuna kidevu.

"Misuli imeamka," alisema. "Hisia haijaamka. Hisia ni ya kuazima bado. Nguvu ni ya kwako, mama."

"Kwa hiyo niendelee kuazima," alisema Bi Tabita, akiwa ameshaketi na kuikaza mbeleko. "Si ndiyo?"

Zakayo alimtazama Tumpe. Tumpe alikuwa anatembea kutoka dirishani kwenda mlangoni na kurudi, akichechemea bila kujua kwamba anachechemea. Hakuna aliyemsaidia. Mwishowe alisimama.

"Mama, goti langu linaharibika."

"Goti linaharibika vipi?"

"Nisiposikia maumivu nakanyaga vibaya. Wameniotesha kitu humo ndani na kinabanduka. Nikiendelea kukutumia, sipandi tena. Si mwezi huu. Kabisa."

Mkono wa mama ulikuwa juu ya kifungo cha mbeleko, ukikishika namna mtu anavyoshika mfuko wake sokoni.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Siku ile ya maharage. Ulijua, ukaniambia sawa."

"Uliniomba."

"Mimi nilikuomba maumivu," alisema Bi Tabita kwa hasira. "Sikukuomba mguu. Mnanifanyaje nyie watoto? Yaani nimekaa pale nafurahi, namshukuru Mungu kwa kila hatua, kumbe nakula goti la mwanangu kipande kwa kipande. Na wewe unanitazama nikila."

"Ningekwambia ungevua siku hiyohiyo," alisema Tumpe. "Nakujua."

Hilo lilimpata mama. Zakayo aligeukia dawati lake akapanga vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangika.

Mtu angetegemea kwamba mama, baada ya hapo, atavua. Hakuvua. Alikaa na mkono juu ya kifungo, na machozi yakaanza kumtoka ya aina nyingine, ya mtu anayetakiwa kurudisha kitu na kidole hakitaki kuachia. Tumpe aliona, akaona pia kwamba mama anaona aibu kuonekana.

"Nataka nifike pale dirishani," alisema Bi Tabita kwa sauti ndogo. "Mara moja. Nikiwa na mguu. Halafu navua."

"Hapana," alisema Zakayo papo hapo. Kisha akauliza, "Kwa nini dirishani?"

"Kwa sababu ni mbali."

Chumbani humo kulikuwa na vyuma viwili vya kushikilia, sambamba, vilivyokwenda kutoka kitandani hadi karibu kabisa na dirisha. Watu wazima wamelia sana katikati ya vyuma vile. Zakayo alimpisha. Mama alisimama mwanzoni mwavyo, akashika pande zote mbili. Mguu ulikuwa umefifia, maana Tumpe alikuwa amesimama tuli, na akiwa tuli hakukuwa na maumivu ya kutosha.

Tumpe alimwelewa bila kuambiwa. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akakunja goti.

Mama akavuta pumzi kwa meno, akapiga hatua. Tumpe akanyoosha, akakunja. Mama akapiga nyingine. Zakayo alisema, "Polepole, usilisokote, likunje nyoofu," na ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yake kumwelekeza mgonjwa namna ya kujiumiza bila kujidhuru. Likakunjwa, likanyooshwa. Mama aliachia chuma kimoja, akaachia cha pili. Alitembea akiwa ameinua kichwa, hakutazama chini hata mara moja, kwa sababu alijua mguu uko wapi. Kwenye dirisha aliweka kiganja juu ya kioo. Nje Anyosisye alikuwa ameegemea gari, akamwona mama yake amesimama, akavua kofia bila kujua anavua kwa ajili ya nani.

Bi Tabita alifungua kifungo.

Maumivu yalirudi kwa mwenyewe yote kwa mara moja. Tumpe alikuwa ameyasahau kwa zaidi ya mwezi na hakuwa na ngozi ya kuyapokea. Aliinama akashika kitanda kwa mikono miwili, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu wa minara. Taa ya mgongoni ilikuwa imegeuka nyekundu. Zakayo alikwenda kwake kwanza, akamshika chini ya paja na nyuma ya kifundo, akaliweka goti katika njia yake sahihi.

"Hapo. Unaposikia linachoma pembeni, ndipo ulipokuwa unakosea. Lisikilize. Linakwambia geuza unyayo kidogo nje."

Tumpe aligeuza. Likapungua, si sana.

"Na mimi?" aliuliza Bi Tabita kutoka dirishani. Alikuwa ameshika tena vyuma kwa nguvu zote, na uso ulikuwa umemshuka. "Umeondoka. Sina kitu hapa chini. Nitarudije?"

"Nguvu ipo, mama," alisema Zakayo. "Sasa hivi nimeipima. Mguu utakwenda, ila hautakwambia kwamba umekwenda. Utautazama kwa macho. Kila hatua uitazame."

"Nimeshautazama mwaka mzima. Kuutazama si kuusikia."

"Si sawa. Najua si sawa."

Alijaribu. Aliinamisha kichwa, akautazama mguu kama mtu anayemtazama mtumishi wa nyumbani asiyetii, na mguu ukakaa palepale. Akajaribu tena, mdomo umekaza. Tumpe alimwona kutoka upande wa pili wa vyuma. Alishuka kitandani. Kila kitu kilikuwa kinamwambia akae, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani kukaa, lakini alishika ncha ya vyuma akasimama mbele ya mama yake, wakatazamana, mmoja akisikia kila kitu, mwingine hasikii chochote.

Bi Tabita alimtazama binti yake anavyotetemeka. Kisha akafanya jambo ambalo mbele ya ukoo lingekuwa ukosefu wa adabu, kwa sababu aliyebeba maumivu hajitaji wala haulizwi.

"Linaumaje?" aliuliza.

"Sana, mama."

"Sana siyo jibu. Niambie linaumaje."

Tumpe aliweka uzito kidogo juu ya mguu. "Kwanza kisigino kinagusa. Hapo haliumi, linafukuta tu."

Mama alitazama kisigino chake, akakisogeza mbele, akakiweka sakafuni.

"Halafu?"

"Halafu unyayo unalala. Hapo linavuta, nyuma ya goti, kama kamba iliyofungwa fupi."

Unyayo wa mama ulilala.

"Endelea," alisema Bi Tabita. "Usinifiche kitu."